Ng'ombe wa Watu Ubaoni

Nimefundisha Kiingereza hapa Mikumi muda wa kutosha kujua kwamba "a number of" na "the number of" ni ugonjwa wa taifa. La kwanza ni kadhaa, basi, usichimbe. La pili linadai idadi kamili. Wanafunzi wanayachanganya, na walimu wenzangu ofisini wanayachanganya kwa kujiamini zaidi.

Siku hiyo nikajiona fundi. Nikamsimamisha binti wa wafugaji, kichwa cha darasa, atunge sentensi ya "the number of" kuhusu ng'ombe wa kwao. Akainamia daftari lake. Nikambana. Mwisho akataja idadi kwa sauti ya chini, nami nikaiandika ubaoni kwa tarakimu kubwa, kwa madaha.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Wenzake wakaniambia baba yake kamwachisha shule.

Jamani! Mtihani wa taifa uko mlangoni! Nikakodi bodaboda mpaka kwao, nje ya mji, nikamkuta mzee kando ya zizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeanika ng'ombe wangu?"

Kwao ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu. Ni kuwaitia balaa. Ukiuliza wangapi, unajibiwa wapo. Mimi nikaanza kujitetea kwa sarufi, eti Kiingereza kina namna mbili, moja ya juu juu na moja ya kutaja kamili. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo darasani silipati.

"Kumbe Wazungu nao wana namna ya adabu," akasema. "Na wewe ukachagua hiyo nyingine."

Binti alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa, macho chini. Niliogopa kweli, mtoto yule wa kufaulu kabisa angeishia pale kwa ajili ya mfano wangu. Nikaomba radhi, nikaomba tena.

Mzee akatema mate pembeni. "Atarudi. Ila mkitaka cha kuhesabu, hesabuni vyako wewe, mwalimu."

Jumatatu akarudi. Nikauliza, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba trei ya mayai, nani ana sentensi ya "the number of". Akanyoosha mkono, akasimama wima.

"The number of shirts our teacher has is two."

Mashati yangu mawili! Darasa likafa kwa kicheko. Nikasema ni sahihi, maana ilikuwa sahihi, huku mkono wangu umeshika kola mahali ilipochanika.