Hamu ya Wanga

Fundi cherehani alipoacha kula, watu walimsifu. Alikuwa hatoki kitandani, vitambaa vya wateja vimerundikana mezani bila kukatwa, mwenyewe kabaki mifupa na macho. Dada wa mumewe akaja kumjulia hali, akasema, "Wifi, umependeza! Umerudi usichana!" Mtu anakufa kwa sonona, wao wanatazama kiuno.

Daktari akamwandikia vidonge. Wiki ya sita cherehani ikalia tena. Ila vidonge vilikuja na njaa ya ajabu. Si ya nyama wala mboga, njaa ya mkate. Alimaliza mkate mzima kabla ya adhuhuri, akashushia viazi. Miezi minane, kilo kumi na mbili. Sketi zake akazifumua ubavuni, akaziongezea kitambaa, akaendelea na kazi.

Wifi naye akapata kazi ya kumsema. "Hayo madawa yanakuumua kama unga wa hamira," alisema mbele ya wateja. "Kaka yangu alioa mwembamba." Kaka mwenyewe, ambaye alikuwa amesahau kicheko cha mkewe kinasikikaje, hakuulizwa.

Maneno ya mpuuzi nayo huchoma. Siku moja Fundi akavimwaga vidonge chooni. Siku ya nne kichwa kikawa kinampiga kama shoti ya umeme. Wiki ya tatu alikutwa sakafuni analilia zipu iliyokatika. Mumewe akamshika mkono, wakarudi hospitali.

"Haviachwi ghafla hivi," daktari alimwambia. "Tutabadilisha aina, taratibu. Na hiyo hamu ya wanga tunaijua, si ulafi wako. Asubuhi anza na mayai au maharage, mkate ufuate."

Wifi hakuchelewa kuja kuuliza daktari kasemaje.

"Kasema nina hamu ya wanga."

Wifi akashika kifua. "Wachawi! Si nilisema kuna mkono wa mtu?"

"Wanga wa kwenye mkate, wifi. Huyo mwingine nimemkaribisha kiti."

Dawa mpya ilimpunguzia kilo nne. Nane zilizobaki zikagoma, naye akaacha kuzibembeleza. Alikuwa analala, anaamka, anashona, na hilo lilimtosha.

Kisha wifi akapanda cheo ofisini, akaleta kitambaa cha suti. Fundi akampima kiuno: sentimita mia na nne.

"Andika tisini," wifi akanong'ona. "Nitapungua tu."

"Una hakika?"

"Mimi si kama wewe."

Fundi akaandika tisini, akashona tisini, mishono imenyooka, bitana safi. Asubuhi ya kupokea cheo wifi alivuta pumzi, akavuta sketi, akavuta tena. Alikwenda ofisini na gauni la zamani.

"Dada kanuna," mumewe alimwambia, akijikaza asicheke. "Anasema umemkomoa."

"Nimemshonea namba aliyoitaka. Anune," Fundi alisema, na mguu ukarudi kwenye pedali.