Mistari Ambayo Mama Herufi Hakuikata

Jina lake la kuzaliwa hata jirani zake walishalisahau. Wote wanamwita Mama Herufi, naye huitika. Kazi yake ni kuandika ukutani: jina la duka la dawa, jina la kinyozi, katazo la kutupa takataka, mshale wa kuonyesha choo kiko upande gani. Alifundishwa na baba yake akiwa bado binti mdogo, akapanda ngazi huku mama yake akiishika kwa chini na kumwomba Mungu.

Ukitaka kumjua vizuri, mtazame anapoanza kazi. Hashiki brashi kwanza. Huvuka barabara akasimama upande wa pili, mikono nyuma, akautazama ukuta kama mama anavyomtazama kijana aliyeleta posa. Akirudi ameshajua mstari utakatikia wapi. Ufundi wote uko hapo, husema; rangi hata mtoto anaweza kupaka. Jina refu likikatwa pasipo pake, duka zima linaonekana limepinda shingo.

Kwenye kliniki ya mama na mtoto, ubao wa siku za chanjo ulikuwa kazi ya mkono wake kwa miaka kumi na mmoja. Ratiba ikibadilika anaitwa, anafuta, anaandika upya, na akina mama walio kwenye benchi wanausimulia mgongo wake habari za watoto wao: huyu hanyonyi, huyu ameota jino la kwanza. Aliwajibu bila kugeuka. Watoto wengine alijua kilio chao kabla hajajua sura zao.

Kisha matroni wa kliniki akatangaza kwamba ratiba itawekwa kwenye tovuti, ili mama aisome akiwa kwake kwenye simu, asifunge safari ya bure. Mama Herufi alijua ubao ndio huo unakwenda. Lakini hakulalamika. Alijiandikisha darasa la kompyuta la miezi mitatu, kwenye chumba kilicho juu ya duka la viatu. Mwalimu alikuwa kijana mdogo kuliko kitinda mimba wake, na Mama Herufi hakuona haya kumwita mwalimu. Kijana naye alimwita mama, akamkalisha mbele karibu na dirisha kwa ajili ya macho. Alipomaliza darasa, Mama Herufi alikwenda moja kwa moja kwa matroni akamwambia kazi ile ni yake, asimpe mtu mwingine. Matroni, mwanamke mnene asiyepoteza maneno, alikubali, ila akasema wazi kuwa ni kwa majaribio.

Sasa sikia alichofanya. Darasani alifundishwa kuandika maneno kwenye ukurasa na kuyaacha. Akayaandika. Lakini kila alipofungua kwenye kompyuta nyingine alikuta mistari imehama. Neno "asubuhi", alilokuwa amelikalisha vizuri juu, lilikuwa limeangukia chini peke yake kama abiria aliyeshushwa njiani. Jambo hilo lilimkera kuliko mbu. Maisha yake yote herufi zake zilikuwa zikikaa pale alipoziweka, jua liwake, mvua inyeshe. Kwa hiyo akaichora ratiba nzima kwa mtindo wake, safu tatu, umri wa mtoto, siku na saa, kila mstari umekatwa mahali pake, halafu akaibandika kwenye ukurasa kama picha moja. Picha haihami.

"Haya, tembeeni tena tuone," akayaambia yale maneno.

Kwenye kompyuta ya matroni, yenye kioo kipana kama sinia la harusi, ratiba ilipendeza mno. Matroni alitabasamu, jambo ambalo halitokei kila wiki. Ubao ukateremshwa ukutani, ukaegemezwa stoo nyuma ya mizani mbovu.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, alikuja mama mmoja na mtoto wa wiki sita. Ametoka mbali, kandambili zimejaa vumbi, mtoto amefungwa vizuri kifuani, kofia imemfika machoni. Akaambiwa leo ni siku ya watoto wa miezi tisa, wake alitakiwa jana. Akasema amesoma kwenye simu. Akaitoa. Kile kioo kilikuwa hakizidi kiganja cha mtoto, na ile picha nzuri ilikuwa imenywea ndani yake mpaka herufi zikawa kama punje za mchanga. Aliikuza kwa vidole viwili. Ilipokua, safu ya umri ikaonekana na safu ya siku ikatoka nje ya kioo. Akaivuta aione siku, kidole kikashuka mstari mmoja bila yeye kujua, akasoma siku ya watoto wengine.

Mpaka adhuhuri walikuwa wamefika wanne wa namna hiyo. Mmoja alikaa kwenye benchi akamnyonyesha mtoto kabla ya kuanza safari ya kurudi.

Matroni hakupandisha sauti. Alimwita Mama Herufi ofisini, akamwonyesha majina manne kwenye karatasi.

"Simu zao ni ndogo, matroni," Mama Herufi alisema.

"Ndizo walizo nazo."

Mama Herufi akayasoma majina yale moja moja.

"Ijumaa saa nne nitafungua huo ukurasa," akasema matroni. "Nikikuta mambo ni haya haya, kazi naipa kampuni ya tovuti. Na mimi sipendi kuipa kampuni, fundi. Wewe unajua hivyo."

Kurudi nyumbani alikwenda kama mtu aliyenyang'anywa mzigo akabaki na uchovu wake. Tangu anawasha jiko mpaka anapakua, lawama zote zilikuwa za simu: nani alimwambia mtu atengeneze simu ndogo namna hiyo, na kwa nini kila moja iwe na umbo lake, mbona kuta hazifanyi hivyo. Mumewe, fundi bomba aliyezoea kumsikiliza huku akisugua kutu kwenye koki, alingoja anyamaze.

"Basi wanunulie wote simu kubwa," akasema.

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alicheka mpaka ungo ukatikisika. Mama Herufi alijikaza asicheke, akashindwa, na alipokuwa akicheka machozi yalimtoka, na mumewe akaiweka ile koki chini. Hapo ndipo aliposema lile lililokuwa likimkaba: kwamba miaka kumi na mmoja hajamrudisha mama hata mmoja njiani, na leo amewarudisha wanne.

Alhamisi asubuhi alipanda ngazi za duka la viatu. Mwalimu alikuwa peke yake, anafuta vumbi mashine. Mama Herufi alimweleza yote bila kujitetea. Kijana akasikiliza, akakuna kidevu kisicho na ndevu.

"Mama, nilikuambia uweke maneno. Wewe umeweka picha ya maneno."

"Maneno yanahama, mwalimu."

"Yaache yahame. Kila kioo na upana wake. Yakifika ukingoni yatashuka chini yenyewe."

"Sasa mstari nitaukatia wapi?"

"Usiukate."

Kumwambia Mama Herufi asikate mstari ni kama kumwambia fundi cherehani asishike mkasi. Mwalimu aliona uso wake, akamvutia kiti, na kwa upole akaongeza kwamba akina mama wale hawaji kuangalia ratiba, wanakuja kujua siku. Mama Herufi alisema hilo analijua. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba alikuwa amelisahau.

Akarudi nyumbani akaanza upya, kwenye kompyuta ndogo aliyoazimwa na mwalimu. Kwanza alikusanya simu za watu. Ya mume wake, iliyopasuka kioo na kufungwa utepe. Ya mkwewe, mke wa mwanawe, mwenye mtoto mchanga, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Ya muuza mkaa wa jirani, aliyeitoa kwa sharti kwamba isiguswe kwenye picha zake. Na ya mama mkwe, ambaye kwa sababu ya macho amekuza herufi mpaka kioo kizima kinabeba maneno manne tu. Akazipanga mezani kama watoto wanaosubiri kunawishwa.

Picha akaifuta. Aliifuta kwa kidole kimoja, amegeuza uso kidogo. Akaandika maneno matupu ndani ya jedwali, zile safu tatu alizozizoea. Akafungua simu ya kwanza, ikasomeka. Ya pili, safu zikabanana. Kwenye ya mama mkwe, safu ya katikati ilibanwa mpaka "Jumanne" ikavunjika vipande vitatu, kimoja juu ya kingine.

Mama mkwe akaivaa miwani, akasoma kwa sauti, "Jum. Ann. E. Huyu Anne ni nani, ndiye anayechoma sindano?"

"Mama, na wewe."

"Mimi nasoma kilichoandikwa, mwanangu."

Mama Herufi alijaribu kupanua safu hii, ile ikafa. Akapanua ile, saa zikatoka nje ya kioo, na kutoka nje ya kioo ndiko kulikowaponza wale wanne. Akasimama, akazunguka meza. Mkwewe, aliyekuwa akimbembeleza mtoto begani, alisema tu, kama mtu anayejisemea, kwamba yeye angependa aambiwe kama sista wa kliniki anavyomwambia mtu mlangoni. Mtoto wako wa wiki sita? Njoo Jumanne, saa mbili asubuhi. Basi.

Mama Herufi akaketi akalivunja jedwali lote. Kila umri akaupa sentensi yake, moja chini ya nyingine, na nafasi ya kupumua katikati. Mtoto wa wiki sita: njoo Jumanne, saa mbili asubuhi. Mtoto wa miezi tisa: njoo Jumatano, saa mbili asubuhi. Akafungua simu zote nne. Katika kila moja mistari ilikatika mahali tofauti, mingine pabaya kiasi cha kumfanya atafune mdomo, lakini hakuna neno lililovunjika na hakuna lililotoka nje. Mama mkwe alisoma mpaka mwisho kwa kidole gumba kimoja kikisukuma juu tu, hakivuti kushoto wala kulia. Alipomaliza alisema sasa anajua siku zote za chanjo na mtoto wa kumpeleka ni mmoja tu, wafanye haraka wamletee mwingine. Yule binti akajifanya hajasikia.

Ijumaa saa nne, Mama Herufi alisimama nyuma ya kiti cha matroni na mkoba kifuani. Matroni akafungua ukurasa. Mama Herufi alichungulia juu ya bega lake, akaona kosa lake papo hapo. Alhamisi yote alikuwa amehangaika na vioo vidogo, na kile kikubwa alikisahau kabisa. Maelezo aliyoyaweka juu ya ratiba, kuhusu kadi ya kliniki na vitu vya kubeba, yalikuwa yamejinyoosha kutoka ukingo huu hadi ule, mstari mmoja mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, na matroni alipofika mwisho wake jicho lilirudi likapotea, akajikuta anasoma ule ule tena.

"Hapa kwangu umeharibu," matroni alisema.

"Naomba dakika tano, matroni. Naomba nikae hapo ulipokaa."

Hakuna aliyewahi kuomba kiti kile. Matroni akainuka. Mama Herufi akaketi, akafungua kule ndani kunakoandikwa maagizo ya ukurasa, kama alivyofundishwa, na kwanza kabisa akafanya jambo lililomshangaza matroni: alisukuma kiti nyuma mpaka ukutani, akakitazama kile kioo kwa mbali, mikono mapajani. Kisha akarudi akaandika agizo moja fupi: maneno yasipanuke kupita upana huu. Hakuandika yakatikie wapi. Alisema tu yasivuke. Kwenye kioo kipana yakajikusanya katikati kama ukurasa wa kitabu, pembeni pakabaki peupe. Simu ndogo haziufikii upana ule, kwa hiyo agizo halikuzigusa.

Matroni akasoma akiwa amesimama. Akatoka nje kwenye benchi, Mama Herufi nyuma yake, akawaomba akina mama kumi na wawili waliokuwepo wafungue ratiba kwenye simu zao. Ile kelele ya benchi ikapungua. Waliinamisha vichwa, watoto wakavuta mikanda ya mikoba. Wengine walikuwa na simu za maana, wengine za kuazima, na mmoja alisoma ya jirani yake kwa kuwa yake haina chaji. Mama Herufi alipita nyuma yao polepole. Kila kioo alichokipita kilikuwa kimekata mstari kivyake. Alisimama nyuma ya binti mmoja ambaye kwake "asubuhi" ilikuwa imeshuka chini peke yake, akasubiri kile kidonda chake cha zamani kiume. Hakikuuma sana.

Mama mmoja mwembamba akanyanyua kichwa. "Kumbe wangu ni Jumanne," akasema, bila kumlaumu mtu. "Nimekuja kwa kusikia kwa watu."

Akamwinua mtoto, jirani akamsaidia kumfunga mgongoni, akaenda zake.

Matroni alimfuata kwa macho mpaka getini. Ndipo akamgeukia Mama Herufi, akamwambia wiki ijayo alete na ile kompyuta ndogo ya kuazima, kwa sababu ratiba ya wajawazito nayo iko kwenye karatasi tu, na tena ni ndefu.

"Ndefu kiasi gani?" akauliza Mama Herufi.

"Kurasa tatu."

Mama Herufi alifungua mkoba, akatoa kalamu, akaomba kuziona hapo hapo.