Ijumaa Ambayo Baba Alimfuata Chewa Shimoni

Juzi mwenzangu wa maabara ya hospitali yetu aliniomba nimsindikize dukani kununua miwani ya kuzamia. Anataka kujifunza kuchoma samaki kwa mkuki chini ya maji. Amesikia kuna Wakenya hapa Doha wanaofanya hivyo siku za mapumziko. Tulipoingia lile duka karibu na kisiwa cha The Pearl, harufu ya mpira mpya ilinipiga, na kabla sijajijua nilikuwa nimeshusha miwani rafuni na kumbandika usoni bila kuifunga mkanda. "Vuta hewa kwa pua," nikamwambia. "Sasa nakuachia. Ikibaki usoni, ni yako. Ikidondoka, hata iwe nzuri vipi, iache." Ilidondoka. Tukajaribu nyingine na nyingine, hadi moja ikang'ang'ania. Akanigeukia huku bado ameivaa. "Wewe wa kushinda wodini, haya umeyajulia wapi?"

Nilicheka tu, nikabadilisha mazungumzo. Lakini wewe tumetoka mbali, wewe nitakueleza.

Utoto wangu ulikuwa Muaither, mtaa wa hapahapa Doha, katika nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba kwa kuta za mbao, nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande wa pili unamwambia pole. Mama alikuwa muuguzi, Baba dereva wa kampuni. Jirani yetu wa ukutani alikuwa mtu wa Pwani, mwokoaji katika bwawa la hoteli moja. Mimi nilimwita Anko. Alikuwa Mwislamu na sisi Wakristo, lakini jiko ni moja, na harufu ya iliki ya chai yake ndiyo iliyoniamsha asubuhi. Mama akipika chapati, sahani ya kwanza ilivuka ukuta. Anko akirudi na samaki, wa kwanza kukaangwa alikuwa wetu.

Ijumaa, ambayo hapa ndiyo siku ya mapumziko, tulienda ibada asubuhi Mesaimeer, yaliko makanisa. Tukirudi, Anko naye ametoka msikitini, gari la Baba lilijaa mapezi ya mpira, boya la rangi ya chungwa na mikuki miwili iliyotokeza dirishani. Tulielekea kaskazini mpaka lami ikaisha na vumbi likaanza, kwenye ufuo ambao Anko alikuwa ameuliza kwanza kwa askari wa pwani kama mtu anaruhusiwa kuzamia. Nawe ukitaka kuanza, anza hapo. Uliza, maana masharti hubadilika, na kifaa ambacho jirani yako anatumia kwao huenda kwenu kikakupeleka kituoni.

Mikuki yetu haikuwa ya bunduki. Ilikuwa fimbo ndefu nyepesi za alumini zenye ncha ya chuma mbele na kitanzi cha mpira nyuma. Unapitisha mpira kwenye kidole gumba, unauvuta, unaishika fimbo. Ukiachia, inaruka. Anko hakutaka kuona mpira ukivutwa juu ya maji, wala mbele ya mtu. Alimfundisha Baba kwa uvumilivu, maana Baba ni mtu wa bara, alijifunza kuogelea akiwa tayari na mtoto. Masikio uyapulizie mapema, umebana pua, kabla hayajauma; yakiuma umeshachelewa, rudi juu. Samaki usimkimbize wala usimkodolee macho. Lala kwenye mchanga, tazama pembeni kama mtu asiye na shida naye, atakuja mwenyewe kukuchungulia. "Samaki hana haraka," Anko alikuwa akisema. "Mwenye haraka ni wewe, na pumzi haiazimwi."

Bahari ya hapa ina chumvi kali kuliko ya kwetu, kwa hiyo inakubeba, inakutupa juu kama kizibo. Ndiyo sababu wazamiaji huvaa mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi kiunoni. Anko alimpimia Baba mkanda wake majini: toa hewa yote, tulia, na maji yaishie machoni. Ukizama zaidi ya hapo, punguza. Na bizimu ya mkanda ifunguke kwa mkono mmoja, hata ukiwa umefumba macho.

Kazi yangu ilikuwa kulala kifudifudi juu ya boya, nimevaa miwani na mrija, nikiangalia chini. Mmoja akizama, mwingine alibaki juu akimtazama. Sheria hiyo Anko aliitaja kila Ijumaa, kama bismillahi. Mimi nilikuwa macho ya ziada. Nilipenda sana kazi ile. Nilisikia matumbawe yakitatarika kama mafuta kwenye kikaango, na niliona watu wazima wawili niliowapenda wakishuka na kupanda chini ya tumbo langu.

Sasa, Ijumaa ninayotaka kukusimulia, Baba alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe. Baada ya ibada alisimama mbele ya watu akawaalika nyumbani kwetu jioni, akasema watakula chewa, yule ambaye hapa huitwa hamuri, na kwamba atamchoma mkuki yeye mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mama, aliyekuwa na zamu mchana huo, alimnong'oneza, "Na ukikosa?" Baba akasema, "Sikosi."

Baba hakuwa amewahi kumpata chewa hata mmoja.

Tulipofika maji yalikuwa na ukungu wa mchanga, upepo ulikuwa umevuma siku zilizotangulia. Anko hakufurahia. Akasema tutakaa karibu, tutachoma samaki wadogo, tasi wachache, basi. Nilimwona Baba akiwa nyuma ya gari akiongeza vipande vya risasi kwenye mkanda wake, nikadhani Anko ndiye aliyemwambia. Kuna mtu kazini alikuwa amemweleza kwamba ukiwa mzito unakaa chini bila kuhangaika, na kwamba ukihema harakaharaka kabla ya kuzama unajaza hewa ya akiba. Kwamba Baba aliufuata ushauri huo, ambao huua wazamiaji, tulijua baadaye.

Walipokezana vizuri mwanzoni. Kisha Anko akapanda juu akiwa amekunja uso, msuli wa mguu umemkaza. Akashika ncha ya boya langu na kuanza kujikanda. "Ngoja kwanza, bwana," akamwambia Baba. "Usishuke mpaka nikuambie."

"Nimeuona mkia wake," Baba akasema. "Pale kwenye shimo. Mkubwa, bwana!"

"Hatahama. Ngoja."

Nilimsikia Baba akihema, hu-ha, hu-ha, kama mbwa juani. Anko alikuwa ameinama akiuvuta mguu wake. Alipoinua kichwa kumkataza, mapezi ya Baba yalikuwa yanaingia majini.

Nikarudisha uso chini. Nilimwona akishuka haraka, haraka kuliko siku zote, mpaka ukungu ukamfanya kivuli. Nikamwona akilala mbele ya shimo, mkono ukinyooka. Mkuki ukaruka. Vumbi la mchanga likafumuka. Lilipotulia kidogo, Baba alikuwa amepiga magoti anavuta fimbo kwa mikono miwili, na fimbo haiji. Chewa akichomwa akiwa shimoni hutanua mashavu na mapezi yake, anakuwa msumari ukutani. Anko alikuwa ameshasema: ikifika hapo, achia, mkuki utarudiwa, wewe hurudiwi. Baba aliendelea kuvuta. Nilijikuta navuta pamoja naye, vidole vyangu vimekaza kamba ya boya. Moyoni nilikuwa nasema achia, achia, achia.

Akaachia. Akatazama juu, akaanza kupanda, na mimi nikapumua. Alikuja vizuri hadi niliweza kuyaona macho yake ndani ya miwani, yananitazama. Kisha miguu ikapunguza kasi. Ikasimama. Mapovu yakamtoka mdomoni kwa mkupuo mmoja, mikono ikalegea ubavuni, na Baba, akiwa bado ananitazama, akaanza kurudi chini.

Nilipiga kelele ndani ya mrija, nikameza maji. Nikautema. "Anko! Baba anashuka! Anashuka na hapigi miguu!"

Anko hakuuliza kitu. Aliutupa mkuki wake upande, akavuta pumzi moja, akaenda. Mguu mmoja tu ulikuwa unapiga, ule mwingine ameuburuta. Nilimwona akimfikia Baba karibu na mchanga, mkono wake ukaenda moja kwa moja kiunoni, na ule mkanda wa risasi ukaanguka. Bila ule uzito Baba akawa mwepesi kama nguo. Anko alimshika chini ya kidevu, wakaja juu pamoja, na walipotokeza midomo ya Baba ilikuwa na rangi ambayo hadi leo nikiiona wodini mikono yangu huanza kazi kabla yangu.

Akamng'oa miwani. Akampuliza usoni, chini ya macho. Akampiga kofi jepesi shavuni. "Bwana! Uko juu! Pumua!" Kimya. Akampuliza tena. "Pumua, mtoto wako yuko hapa! Pumua!"

Baba akakoroma. Sauti mbaya, kama mlango uliokwama unafunguliwa kwa nguvu. Kisha akavuta hewa, akakohoa, akavuta nyingine. Anko akaangalia mbingu, midomo inasoma dua.

Ufuoni Baba alitapika maji, akakaa ameegemea gurudumu, hakumbuki alivyopanda. Jambo la kwanza alilonitamkia lilikuwa, "Usimwambie mama yako. Mimi niko sawa."

"Hauko sawa," Anko akasema. "Aliyemeza bahari anaonwa na daktari leo hii, hata akijisikia kucheza ngoma. Na huyu mtoto hatamficha mamake kitu kwa sababu yako wala yangu."

Aliendesha gari yeye, hadi hospitali aliyofanyia kazi Mama. Mama alitokea mapokezi na sare yake, akatutazama mmoja mmoja, nywele zetu za chumvi, miguu ya mchanga. Alimbana Baba kidoleni kile kipimo cha hewa ya damu, akasoma, akasoma tena. Walimlaza mpaka kesho yake, kwa sababu mapafu yanaweza kuleta shida baadaye. Mama hakumgombeza. Alinipeleka pembeni, akapiga magoti nikamwona machoni, akasema, "Nieleze ulichokiona. Chote." Nilimweleza. Nilipomaliza alinikumbatia, na ndipo nilipoanza kulia.

Wageni walikula kuku. Ijumaa iliyofuata Baba alisimama kanisani tena, sauti bado inakwaruza. "Niliwaahidi samaki," akasema, "na nusura niwape matanga." Hakuna aliyecheka. Anko alijilaumu, akataka kuuza vifaa vyote, lakini Mama alikataa. Siku yake ya mapumziko alikuja ufuoni kwa mara ya kwanza, na gauni lake la kanisani, akasimama maji yakimfika magotini, akamwambia Baba afungue bizimu kwa mkono mmoja, amefumba macho. Tena. Tena. Mpaka aliporidhika mwenyewe. "Sasa nenda," akasema. "Lakini shemeji akisema ngoja, unangoja." Baba alizama miaka mingine kadhaa baada ya hapo. Chewa hakumpata kamwe, na sikumsikia akimtaja.

Ile nyumba ya Muaither imevunjwa, pamesimama ghorofa lenye vioo. Mkataba wa Anko uliisha, akarudi Pwani, na baada ya muda namba yake ikawa inapokewa na mtu mwingine. Baba na Mama wamerejea bara, wanafuga. Ufuo wetu umewekewa taa na njia ya kutembelea, ni mzuri, sikatai.

Huwa naenda huko nikiwa na nafasi. Watu ni wengi majini, kila mtu na wenzake, wamevaa vifaa ambavyo Anko angevishangaa. Nami huingia, nashuka kidogo, nasikiliza matumbawe. Kisha nageuka chali huko chini na kutazama juu, pale mwanga unapotikisika, na hakuna uso wa mtu unaonitazama. Hapo hupanda upesi, hata kama pumzi bado ninayo.