Shemeji Hakanyagi Shamba Langu

Mahakama ya Rufani ilipokuja kukaa Musoma, majaji watatu walisema shamba la Butiama alilolima marehemu mume wangu ni langu, na mdogo wake asilikanyage tena. Juu yao hakuna mahakama nyingine, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikijua yamekwisha.

Palizi ikafika. Kwetu mtu akitaka kusaidiwa anapika togwa, majirani wanakuja na majembe, na huyo shemeji yangu ndiye alikuwaga anaongoza mstari. Nilipika mtungi mzima. Jua likafika utosini, togwa ikazidi kuchachuka, na aliyeinama kwenye mtama ni mimi peke yangu. Majirani hawaendi mahali ambapo shemeji hafiki.

Sasa nimshitaki nani, tena kwa kosa gani? Shemeji anatii amri neno kwa neno. Hata homa iliponilaza wiki nzima, alikuja hadi mpakani, akasimama palepale, akaita, "Shemeji, uko hai?"

Nikamjibu kutoka kitandani kwamba niko hai. Akageuka, akarudi kwake.