Kisigino kiliniuma, Kamachumu wakasema ni ule ugonjwa

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Juzi kuna kijana humu alisema anajiandaa na marathon, lakini kila akiamka asubuhi kisigino kinamchoma. Wengine mkamcheka, wengine mkamwambia abadilishe viatu. Mimi nilimwahidi kuandika yaliyonipata. Ni mambo ya kweli, nilichobadilisha ni majina tu.

Mimi mwanamke, kwetu Kamachumu, Muleba. Nazungumzia mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa form three, shule ya bweni si mbali na nyumbani.

Nilikuwa mkimbiaji, mbio za kati na ndefu. Sijisifu, ila wilayani kwetu wasichana wa kuniacha nyuma hawakuwa wengi. Mwalimu wa michezo alikuwa anasema nikikaza naingia timu ya mkoa.

Sasa mliokulia Kagera miaka ile mnajua hali ilivyokuwa. Mama yangu alikuwa ameshafariki kwa ule ugonjwa, yaani UKIMWI, na mdogo wake akafuata. Huku kwetu tuliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa fasheni enzi hizo. Makaburi mapya yalikuwa kila kibanja, katikati ya migomba.

Watu walikuwa wamejifunza kukutazama. Shingo, mashavu, mikono. Ukipungua kidogo tu, washakuzika moyoni.

Nyumbani tulibaki mimi, Taata, yaani baba, na Mukaaka, bibi mzaa baba.

Maumivu yalianza taratibu. Nikishuka kitandani asubuhi, hatua za kwanza ni kama nakanyaga msumari. Nikitembeatembea unapoa, naenda mazoezini. Nikikaa kidogo halafu nikasimama, msumari upo palepale. Na nilikuwa nakimbia kwa raba za kitambaa, soli nyembamba kama chapati.

Sikumwambia mtu. Nikawa nakanyagia vidole, nachechemea. Miundi nayo ikaanza kuuma. Chakula kilikuwa hakinishuki vizuri tangu msiba wa mama, na mazoezi sikuacha.

Nikakonda.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Rafiki yangu mmoja tuliyelala chumba kimoja, nitamwita Paskazia, alihamisha kitanda chake hadi upande wa pili.  Niliporudi kutoka darasani nilikuta pale pembeni yangu ni sakafu tupu.

Wakuu, mwisho mimi mwenyewe nikaamini. Nilikuwa sijamjua mwanamume, ila mama nilimuuguza kwa mikono yangu, nikamwosha vidonda. Elimu ya ugonjwa ilikuwa ndogo. Nikasema basi, umenifikia.

Likizo nikarudi nyumbani. Mukaaka akawa ananikanda kwa maji ya chumvi na samli. Asubuhi moja Taata alinitazama nikienda kisimani, akaniangalia mpaka nikarudi.

"Koku, kesho tunakwenda hospitali."

Mukaaka akaacha kumenya ndizi. "Felisiani, mwache mtoto, waitu. Huko watakuambia neno ambalo hatutaweza kulirudisha."

"Maawe, bora tujue," Taata akamjibu mama yake. "Kwa mama yake tulikaa tunabahatisha."

Ilikuwa hospitali moja ya misheni hukohuko Muleba. Daktari alinipima kwa utulivu, akatazama mdomo, shingo, ngozi, akasikiliza kifua. Alipobonyeza kisigino niliruka. Akamwambia Taata kuwa haoni dalili ya kumtisha, tatizo analoliona liko miguuni. Akatuelekeza kwa mtaalamu wa viungo.

Huyo alikuwa mtawa, Sista Leokadia, Mhaya mwenzetu, mama wa sauti ya chini na mikono mipana.

Alinilowesha nyayo, akaniambia nitembee juu ya saruji kavu. Kisha akachutama kuangalia alama.

"Mguu wa watu wengi huacha nafasi hapa ndani," akasema. "Wako umelala wote."

Ndiyo flat foot hiyo. Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Mguu ukilala hivyo, ukakimbia sana kwenye kiatu kisicho na kitu ndani, ule utando unavutwa mpaka unaumia. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua Wazungu wanauita plantar fasciitis.

Nilimsimulia hadi habari ya kitanda cha Paskazia, ila nilikuwa nataka jibu moja tu. "Sista, kwa hiyo siyo Juliana?"

Akakaa, tukawa tunatazamana. "Ninachokiona hapa ni mguu, mwanangu. Na umekonda kwa sababu unakimbia huku huli, na una majonzi. Hata ungekuwa na Juliana, mtu hawezi kuupata kwa kulala chumba kimoja nawe. Umesikia?"

Nililia pale kama mtoto mdogo.

Taata alikuwa amesimama mlangoni, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Sista akamwona.

"Ta Felisiani, hebu vua viatu na wewe."

"Mgonjwa ni huyu."

"Vua tu, Baba."

Akavua, akalowesha, akatembea. Wakuu, alama zake na zangu ungesema ni mtu mmoja, ila zake kubwa.

"Inauma tangu lini?" Sista akauliza.

Taata akatazama alama zake sakafuni. Kisha akasema, "Tangu vita."

Alikuwa mgambo, akaenda na jeshi mpaka ndani ya Uganda, kwa miguu. Nyumbani hakuwahi kulizungumzia. Siku hiyo alisema tu, "Tulitembea sana. Wapo wenzangu hawakurudi. Mimi nimerudi na miguu yote miwili, halafu nianze kulia miguu inauma?"

Sista akamjibu polepole, "Waliobaki kule hawakukuomba uchechemee kwa ajili yao."

Taata akageukia dirishani. Sikuwahi kumwona vile, hata kwenye msiba wa mama.

Hospitali ilikuwa na karakana ndogo iliyotengeneza vyuma na viatu vya watoto wenye polio. Wakachora miguu yetu kwenye boksi. Wakakata kandambili kuukuu, wakagandisha tabaka juu ya tabaka, wakalikwangua mpaka likainuka pale kwenye upinde wa unyayo, juu wakavisha ngozi laini. Hizo ndizo zilikuwa insoles zetu. Leo mnaziona za kisasa madukani, ila kazi ni ileile.

Za Taata ziliingia kwenye viatu vyake, ila zangu kwenye raba hazikuingia. Taata akanipeleka Bukoba kwa Bwana Hirji, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa bado na maduka mjini. Yule mzee alijaribisha viatu kimoja baada ya kingine, anaminya nyuma ya kisigino kuona kama ni kigumu, mpaka tukapata vya namba kubwa kidogo vilivyozikubali. Tena alikuwa na subira, maana Taata alibisha kila jozi.

Nisiwadanganye, mwanzoni ziliniumiza. Nilipata lengelenge pale zilipoinuka nikataka kuzitupa. Tukarudi, Sista akazipunguza, akanikaripia kwa kuvaa kutwa nzima wakati aliniambia nianze kidogokidogo.

Akasema, "Hii siyo dawa. Ni mti wa kuegemeza mgomba wenye mkungu. Unaushikilia, lakini mgomba lazima uwe na mizizi."

Mizizi ndiyo mazoezi. Kusukuma ukuta ili nyama za nyuma ya mguu zivutike. Kuviringisha chupa ya soda chini ya unyayo. Na kula. Mbio alinizuia muhula mzima, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Shuleni nilimwonyesha Paskazia zile soli, nikamweleza alichosema Sista. Alizigeuzageuza, akacheka, halafu ghafla akaanza kulia. Kumbe baba yake alikuwa hoi kitandani kwao kwa ule ugonjwa, na Paskazia alikuwa hajamwambia mtu. Jioni hiyo tulikibeba kitanda chake wote wawili, tukakirudisha pembeni ya changu.

Mwaka uliofuata nikakimbia mashindano Bukoba, kwenye uwanja wa shule moja kule Kahororo. Ningependa kuwaambia nilishinda. Sikushinda. Walinipita mzunguko wa mwisho, na timu ya mkoa sikuingia. Lakini nilimaliza nikiwa nimekanyaga mguu wote, kisigino kimya.

Taata alikuja kunipokea, tukashuka mjini kwa miguu. Njiani yeye niliyezoea kumsubiri ndiye alitangulia, anaongea bila kugeuka, ananipangia mwaka ujao. Mimi nimechoka, nipo nyuma.

"Taata, punguza mwendo!"

Akasimama, akatazama viatu vyake, akacheka peke yake katikati ya barabara.

Alifariki uzeeni, kwa amani. Mimi bado nakimbia asubuhi asubuhi kando ya ziwa, polepole kulingana na umri.

Nilichojifunza: kisigino kikikuchoma kila asubuhi, usijikaze, mwone physio akuangalie unavyokanyaga. Insole inasaidia ikiendana na mguu wako. Ya kuazima au ya kukisia inaweza kukuongezea tatizo. Na mtu akikonda, muulize anaumwa nini kabla hujamwamulia.

Kijana wa marathon, nadhani umesoma, tuambie maumivu yako yanakaa upande gani. Wataalamu wa viungo mliomo, nilipokosea nirekebisheni. Na wana Kagera wenzangu mnaoikumbuka miaka ile, nanyi semeni. Nipo hapa, nasoma kila mtu.