Sauti ya Mama kwa Mwendo Wake

Baba hakuwa mtu wa kuomba. Aliponitolea ile kaseti ya mama mfukoni mwa kanzu na kusema haisemi tena, nikajua ameshaijaribu kwenye kila redio ya mtaa wetu wa Mji wa Kale.

Ilikuwa barua. Baba alipokuwa akifanya kazi Arabuni, nami bado mtoto, mama aliweka kinasa sauti mezani, akabonyeza, akazungumza naye. Msafiri mmoja akaipeleka. Mama alifariki kabla ya mkataba wa baba kwisha, na baba akarudi nyumbani na kaseti yake. Tangu hapo aliisikiliza kila Ijumaa baada ya chakula. "Msikizeni mamenu alivyo na bashasha," alikuwa akituambia. Nyuma ya sauti ya mama ilisikika adhana ya adhuhuri, na baba hakukosa kuongeza kwamba siku hiyo aliadhini kijana.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha, nami nilikuwa karani wa ofisi moja ya mizigo kule Mbaraki. Tulikuwa na kompyuta iliyoweza kunasa sauti, na mkubwa wangu aliniruhusu kuitumia Jumamosi mchana. Nikamwambia baba kwamba nitamhamishia mama humo, asiharibike tena. Maneno ni rahisi. Joto na hewa ya chumvi vilikuwa vimeula utepe. Ulinata, ukapiga mluzi kama birika, ukaacha unga wa kahawia ndani ya redio. Nikafungua skrubu, nikauhamishia kwenye kasha la kaseti mpya. Nikasafisha redio kwa spiriti na pamba, nikaunga waya hadi nyuma ya kompyuta. Kompyuta nayo ikajaa kabla mama hajamaliza salamu, ikabidi nifute michezo ya mkubwa wangu. Hajanisamehe hadi leo.

Ilipokubali, nikamwita mama mdogo, dada yake mama, aje asikilize. Akakunja uso.

"Mbona dadangu yuwasema mbio hivi? Na huyu anayeadhini ni nani?"

Msikiti wetu, alisema, haukuwa na mwadhini mwingine zaidi ya mzee tunayemsikia mpaka sasa, na sauti yake ilikuwa nzito tangu ujanani. Kisha akakumbuka betri. Siku zile betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo, na ndizo mama alizotia kwenye kinasa. Basi nikaelewa. Kinasa kilizunguka kwa kujivuta wakati mama akizungumza, na redio yenye nguvu zake ikawa inamkimbiza.

Nilifurahi, mjinga mimi. Nikapunguza mwendo kidogo kidogo, nikimfuata mwadhini, mpaka sauti yake ikawa ile ile inayoingia kwetu dirishani kila siku. Jumamosi iliyofuata nikamleta baba ofisini, nikamkalisha kwenye kiti cha mkubwa.

Mama akazungumza. Pole pole, sauti chini, akisimama katikati ya maneno kuvuta pumzi. Alisema yu mzima, watoto wazima, baba asiwe na wasiwasi. Kicheko kilikuwapo, lakini kilikuwa cha mtu anayejikaza. Nilitamani kuizima, mkono ukakataa.

"Huyu yuwaumwa," baba akasema.

Akakaa akiitazama kompyuta kama mtu aliyeletewa habari ya msiba leo hii.

"Nilipewa ruhusa nirudi mwaka ule," akasema. "Nikaiskiza kaseti, nikasema mke wangu yu mzima, yuwacheka. N'ngoje mkataba wishe."

Hilo hakuwahi kutuambia. Nikamwambia kwa haraka kwamba naweza kuirudisha ilivyokuwa, si kazi kubwa, na kabla hajajibu nikawa nimeshairudisha. Mama akachangamka tena, na yule kijana akaadhini nyuma yake.

Baba akanishika mkono kunizuia.

"Wata, mwanangu," akasema. "Nishamsikia."