Ukumbi wa Nguzo Ndefu

Jumatatu nilikuwa katika ofisi moja mjini Ngara nikisubiri mhuri, mhandisi kijana alipokunjua mchoro mezani. Ulikuwa wa ukumbi wa kambi ya wakimbizi, sakafu yake imeinuliwa juu ya nguzo ndefu kuliko mtu.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja, mkulima wa upande wa Kanazi. Aliuinamia mchoro, akaweka kidole kwenye nguzo.

"Shikamoo, mama," mhandisi alisema.

"Marahaba. Hizi ni za nini?"

"Mafuriko yakija, maji yapite chini, watu wabaki juu wakavu."

"Kambi si iko kilimani? Maji yatapandaje huko?"

Kijana alijikuna shingo. "Mchoro ulichorwa kwa ajili ya miji ya pwani, mama. Wafadhili wameshaupitisha hivyo hivyo."

Mama hakuondoa kidole. Alisema zahanati yao iko bondeni, na kila masika wagonjwa hubebwa kwa machela kupandishwa mlimani.

"Basi niandike na mimi mkimbizi," alisema taratibu. "Maji yananikimbiza kila mwaka."

Foleni ilicheka. Nami nilicheka, ingawa najua wageni wale wa kambini walikimbia nini, na ni aibu kumwonea wivu mtu aliyefika na mkeka tu kichwani. Lakini nyumba yangu nayo iko bondeni. Kicheko kilipoisha nilijikuta nazihesabu zile nguzo. Zilikuwa kumi na mbili. Mimi sita zingenitosha.